Vyungu Tisa

Kijiji cha Ujamaa, Usinge
4 Agosti 1975

Mke wangu Apolinaria,

Barua hii nimempa binti yako Tekla akukabidhi treni ikianza kuondoka. Ningekupa mapema ungeisoma yote pale stesheni na kuanza kubishana nami. Sasa uko safarini na hakuna wa kubishana naye. Mtu mwenye mke mkaidi hujifunza kuandika mambo kwa utaratibu, kwa hiyo soma polepole.

Tabora ni mji wa kwanza tu katika safari ya Wayeye, chama cha waganga wa nyoka. Wanaotaka kuijua kazi ya nyoka yote huendelea na njia ile ile ya misafara ya zamani kuelekea mashariki, kituo hadi kituo, na kila kituo kina mwenyewe. Sisi hatuna haja ya kufika huko. Mizizi minane ya dawa nimekuonyesha mwenyewe msituni. Wa tisa unaonyeshwa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, nyumbani kwa Mzee Shilinde, na ni yeye peke yake anayeweza kuuonyesha kwa mkono wake. Mimi niliondoka kabla ya kuonyeshwa. Bila huo, ile minane humchelewesha mgonjwa kufa, haimponyi.

Ukishuka Tabora usiende Kwihara siku hiyo hiyo, hata kama jua bado liko juu. Mwanafunzi anayefika kwa haraka huhesabiwa kuwa ana njaa. Hupewa ugali, hapewi kingine. Lala mjini. Nenda Mtendeni kwenye maduka ununue kaniki mpya, kwa sababu hutasimama mbele ya Shilinde na kitenge cha maua.

Vyungu vyako vitatu ni vitupu, na ndivyo inavyotakiwa. Wengi hudhani wakileta nyoka mkali wa kwao watasifiwa. Nyoka wa kwenu amekwisha kuuzoea mwendo wako, hathibitishi kitu. Unatakiwa ukamate watatu katika ardhi ya mji ule: kifutu mmoja, swila mmoja, na wa tatu nyoka wa majani asiye na sumu. Huyo wa tatu ndiye anayewaangusha vijana. Wanakamata wale wawili kwa mbwembwe, kisha wanaona haya kubeba nyoka ambaye hata kuku hamwogopi. Shilinde hufungua chungu cha tatu kwanza.

Usiue nyoka. Hata akikuuma, usiue. Hiyo ndiyo sheria kubwa ya nyumba ile na sitaieleza zaidi.

Jambo la mwisho. Utaulizwa nani alikufundisha. Sema ni mzee mmoja wa Usinge, alikwisha kufa. Usitaje jina langu, wala usiseme kwamba nilikuwa mwalimu au katekista. Nina sababu zangu za kizee.

Mwenyekiti amenikumbusha tena leo kwamba mvua zikianza watu wataingia mashambani, dawa iwepo au isiwepo. Tumezika sita tangu tulipohamishiwa hapa ukingoni mwa msitu. Mumeo wa kweli, Hilari, sikutajii, wewe ndiye uliyemfumba macho.

Babu yako, mumeo asiye na meno,
Anselm Lugembe


Mtendeni, Tabora
10 Agosti 1975

Mume wangu mzee,

Shikamoo. Au nisikuamkie, maana nimeambiwa wewe ni marehemu?

Nimelala mjini kama ulivyoagiza, ila si mahali nilipopanga. Siku ya pili nilimpata nyoka wa majani kwenye michongoma nyuma ya stesheni, nikarudi naye nyumba ya wageni. Mhudumu aliniuliza vyungu ni vya nini, nikamwambia vya kupikia. Nilipokwenda kuoga akafungua kimoja akitafuta maharage. Mume wangu, sijawahi kuona mtu mnene akipita dirishani. Mizigo yangu ilitolewa nje kabla sijakausha miguu.

Nikakaa kibarazani kwa seremala mmoja, Abbasi, mtu wa hapa hapa mjini tangu kwa babu zake. Kazi yake ilikuwa imesimama wiki mbili kwa sababu swila ameingia kwenye rundo la mbao na hakuna aliyethubutu kuvuta ubao. Nilipomwambia nimekuja Tabora kutafuta nyoka alinitazama kama anayesikia redio yenye mikwaruzo. Akaniuliza kama huko Usinge wamekwisha. Nikamwambia wapo wa kutosha, tatizo ni watu ndio wanaokwisha. Hapo aliacha utani.

Nilifanya ulivyonifundisha. Niliangalia kivuli cha swila, sikumtazama machoni, pindo la kaniki nimelishusha usoni. Alitema mate mara mbili. Mke wa Abbasi, Zamda, alinimwagia ndoo nzima ya maji ingawa mate hayakunigusa. Nilipomaliza kufunga chungu Abbasi alisema kwa adabu sana, "Dada, chumba cha uani ni chako mpaka utakapoondoka. Lakini huyo mgeni wako akitoka, ninayehama ni mimi."

Sasa habari nyingine. Nilimwuliza Abbasi njia ya kwenda kwa Mzee Shilinde. Amefariki, miaka sita sasa. Nyumba ameishika binti yake anayeitwa Mwanne. Abbasi anasema ni mtu wa haki, lakini hacheki. Niende hivyo hivyo? Nimebakiza kifutu tu.

Mkeo,
Apolinaria


Kijiji cha Ujamaa, Usinge
15 Agosti 1975

Mke wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa chini. Shilinde amekufa miaka sita na mimi sikujua. Wala nisingeletewa habari.

Nenda. Sheria ni ile ile, aliyeishika nyumba ndiye mwenye nyumba. Mwanne alikuwa mtoto wa miaka minane, mwembamba, akiniletea maji ya kunawa kila nikitoka porini. Hakuwa anasema sana hata wakati ule. Alikuwa anahesabu vyungu.

Kuhusu kifutu nikueleze vizuri, kwa sababu yeye ndiye aliyetuzikia watu. Wengine wakisikia mguu wa mtu hukimbia. Kifutu hakimbii. Anategemea rangi yake, anatulia njiani kama jani lililokauka, na unamkanyaga ukiwa umebeba jembe na mawazo ya nyumbani. Mtafute asubuhi na mapema, damu yake ikiwa bado nzito kwa baridi. Tumia fimbo yenye panda, umbane shingoni, na mkono wako utoke nyuma yake. Anarusha kichwa upande kwa kasi usiyoitegemea kwa mnyama mnene hivyo.

Huku kwetu nyumba mbili zimekwisha kukunja mikeka. Mwenyekiti aliwaambia kwamba wakirudi kwenye mahame ya vijiji vyao vya zamani wataletwa tena kwa lori. Mmoja akamjibu kwamba kwenye lori angalau hakuna nyoka. Watu walicheka, lakini mikeka haikukunjuliwa. Nimewaomba wangoje mpaka utakaporudi.

Tekla hajambo. Anaogopa kwenda chooni peke yake.

Mumeo,
Anselm


Kwihara
22 Agosti 1975

Mume wangu,

Shikamoo. Nimefika Kwihara siku tano zilizopita na vyungu vyote vitatu vimejaa. Nilipita lile tembe la Mzungu lenye milango ya nakshi, nikakata kushoto kama ulivyosema. Mti uliouelezea haupo, ila nyumba ipo.

Mwanne ni mrefu, mweusi, kichwa kimeanza mvi. Alifungua chungu cha tatu kwanza. Akamtoa nyoka wa majani, akamweka begani, akaniuliza habari za watoto na za mavuno kana kwamba hakuna kitu begani. Nikajua nimevuka hatua ya kwanza.

Siku ya pili walinikalisha uwanjani katikati, swila wangu mbele na swila wao nyuma, wote wamesimama na shingo zimetanuka. Ngoma inapigwa taratibu, na hutakiwi kusogea mpaka wote wawili washuke. Ilichukua muda kama wa misa nzima. Nilifikiri juu ya Hilari, jinsi alivyouliza kama tumekwisha kupanda mtama. Sikusogea.

Siku ya tatu ilikuwa rahisi kuliko zote, ndivyo nilivyodhani. Kuwarudisha nyoka vyunguni mbele ya wazee na kufunga ngozi juu ya mdomo wa chungu kwa kamba ya gome. Nilifunga kama mikono yangu inavyojua, nikazungusha mara tatu, ncha ikapita chini na kurudi kushoto. Mwanne alikuwa anazungumza na mzee mmoja. Akamwacha katikati ya neno, akaja kusimama mbele yangu.

Akaniuliza, "Nani alikufundisha kufunga?"

"Mzee mmoja wa Usinge. Alikwisha kufa."

"Alikufa lini?"

Hapo, mume wangu, hukuniachia jibu. Nikasema mwaka jana.

"Ajabu," akasema. "Sisi tulimhesabu amekufa tangu nikiwa mtoto."

Akalifungua fundo langu kwa kucha, taratibu, akafunga upya kwa namna nyingine. Tangu siku hiyo ninapewa chakula kizuri, ninaamkiwa vizuri, na hakuna anayetaja mzizi. Wazee wawili wamekuja kutoka mbali kulitazama fundo kwenye chungu changu cha pili, wakaondoka bila kunisemesha.

Fundo lako lina nini?

Apolinaria


Kijiji cha Ujamaa, Usinge
28 Agosti 1975

Mke wangu,

Mafundo yapo ya aina nyingi. Wavuvi wa Ugalla wana lao, wapagazi wa zamani walikuwa na lao la kufungia mizigo ili mtu akichukua kitu ionekane, na wafuga nyuki hufunga mizinga kwa namna ambayo mvua hulikaza fundo badala ya kulilegeza. Kila anayefundishwa hufunga kama mwalimu wake, na mwalimu kama wa kwake, kwa hiyo si ajabu mtu wa Usinge akafunga kama mtu wa Kwihara. Unaweza kuwaeleza hivyo.

Lakini nimefikiri sana, na naona safari hii imekuwa ndefu. Mtoto anakuuliza. Rudi nyumbani. Tutaomba zahanati ya wilaya ituletee dawa ya sindano. Mwenyekiti aandike barua nyingine.

Usiwaeleze zaidi ya ulivyokwisha kuwaeleza.

Anselm


Kwihara
4 Septemba 1975

Babu,

Shikamoo.

Mwenyekiti ameandika barua nne kuhusu dawa ya sindano na wewe ndiye uliyemsaidia kuziandika. Sirudi.

Nilimsomea Mwanne barua yako, ile ya mafundo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema hata zamani ulikuwa unajua kueleza, na baba yake alikupendea hilo. Kisha akanieleza yeye.

Amesema fundo lile Mzee Shilinde alimfundisha mtu mmoja tu, aliyekuwa amemchagua aishike nyumba baada yake. Hakuwafundisha hata watoto wake. Mtu huyo alikuwa kijana aliyesoma, anaitwa Lugembe. Mwaka elfu moja mia tisa thelathini na saba, kabla tu ya kubatizwa na kuitwa Anselm, alibeba vyungu vyake tisa mpaka mbele ya kanisa na kuvichoma moto asubuhi ya sikukuu, watu wote wakiangalia. Nyoka walikuwa ndani. Kimoja kati ya vyungu hivyo kilikuwa cha Shilinde mwenyewe, chenye swila mzee aliyemrithi kwa mama yake, naye alikukabidhi umtunze Shilinde alipokuwa mgonjwa. Mwanne alikuwa amekufuata barabarani siku ile, alidhani unakwenda kucheza ngoma. Alisikia kutoka vyunguni kitu ambacho hakutaka kunieleza.

Nilimwambia labda mapadre walikulazimisha. Akasema ndivyo watu walivyosema siku zote, na wewe uliwaacha waseme.

Babu, sina ugomvi na dini yako, ni dini yangu pia, wewe ndiye uliyenifundisha sala. Lakini tangu tulipomzika Hilari Aprili nimekuwa nikijiuliza kwa nini mtu anayejua mizizi minane hakupanda treni kwenda kuomba wa tisa. Ulipomshika mkono ulijua mzizi huo uko kwa nani. Umenituma mimi, mjane wake, nipite mji ambao wewe unauogopa, na ukanifundisha uongo wa kupitia.

Mwanne hakunifukuza. Anasema mimi nimevuka hatua zote kwa haki, lakini nyumba haiwezi kumwonyesha mzizi mtu aliyefundishwa na muuaji mpaka muuaji aseme. Anataka uandike kwa mkono wako ulichofanya, barua isomwe mbele ya wote. Baada ya hapo atasema linalofuata.

Kama hutaandika, niambie pia. Nitajua la kuwaambia waliokunja mikeka.

Mjukuu wako,
Apolinaria


Kijiji cha Ujamaa, Usinge
15 Septemba 1975

Kwa Mwanne binti Shilinde, mwenye nyumba, na kwa wote watakaosikia barua hii,

Mimi ni Anselm Lugembe. Nipo hai. Nilimwambia mjukuu wangu aseme nimekufa. Uongo huo ni wangu, si wake.

Padre hakuniambia nichome. Aliniambia niache. Alisema nikitaka kubatizwa nisiwe na mambo mawili moyoni, na nyoka niwarudishe porini nilikowatoa. Nilikuwa na siku nne za kuwarudisha. Nilitoka nao mpaka kwenye kichaka cha mto, nikakaa, nikarudi nao.

Niliogopa watu waseme kwamba Lugembe amewaachia kwa sababu bado anawaogopa wazee wa Kwihara. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na nilikuwa mtu pekee pale anayesoma magazeti. Nilitaka nionekane.

Vifuniko nilivifunga mwenyewe asubuhi ile, kwa fundo la baba yako, kwa sababu lilikuwa fundo ambalo nyoka hawezi kulisukuma. Chungu cha baba yako nilikijua. Nilikishika mkononi nikafikiri nikiweke kando, na mtu mmoja katika umati akacheka, nikakitia motoni pamoja na vingine.

Nilikuona pembeni ya barabara. Nilijifanya sikukuona.

Baada ya hapo nikapewa kazi ya kufundisha Usinge, na watu wakaniheshimu kwa jambo hilo miaka thelathini na minane. Nimetibu waliong'atwa kwa dawa ninayojua ina pengo. Waliokufa mikononi mwangu nilisema ni mapenzi ya Mungu.

Sina la kueleza zaidi.

Anselm Lugembe


Kwihara
24 Septemba 1975

Babu,

Shikamoo.

Barua imesomwa jana asubuhi. Nilisoma mimi kwa sababu Mwanne hajui kusoma. Uwanja ulijaa. Mahali pa aliyecheka nilipasoma mara mbili.

Wazee walizungumza kwa Kinyamwezi, na maneno mengine ni ya Kiyeye, siyajui. Mwishoni Mwanne alisema hivi, nami nimeyaandika hapo hapo nisiyasahau: "Hatuna adhabu ya kumpa. Tuna wafu tisa ambao hawakukaliwa matanga. Akae yeye."

Nyumba hii nyoka akifa hukaliwa siku tatu kama mtu. Unyoe nywele, ukae chini kwenye mkeka nje ya nyumba yako mchana kutwa, na kila atakayekuuliza umefiwa na nani umwambie kweli. Ulete ushahidi kwamba umekaa. Habari hiyo ikifika, nitaonyeshwa mzizi.

Najua maana yake kwako. Najua parokia itasemaje mzee wa kanisa akikaa matanga ya nyoka. Nilikuandikia kwa hasira mara ya kwanza, sasa sina hasira, nimechoka tu. Sikulazimishi.

Juzi hapa wingu lilifunga upande wa magharibi, likaondoka.

Apolinaria


Kijiji cha Ujamaa, Usinge
8 Oktoba 1975

Mjukuu wangu,

Nimekaa.

Nilinyolewa na Tekla kwa wembe wa mwenyekiti, na ameniacha na mabaka. Nilitandika mkeka mbele ya nyumba alfajiri ya Alhamisi, nikakaa peke yangu mpaka jua likatoka. Unajua jinsi nyumba zilivyopangwa hapa, mistari miwili kama darasa, na kila anayekwenda kisimani lazima apite mbele yangu. Nilikuwa nimetayarisha maelezo. Nilikuwa na utangulizi kabisa.

Wa kwanza alikuwa Batuli, yule jirani wa mstari wa pili, ambaye tangu walipohamia sijui kama tumewahi kusemezana zaidi ya salamu. Aliona kichwa changu, akarudi kwake, akaja na bakuli la uji, akaliweka, akakaa. Hakuuliza. Kwao, kumbe, haulizwi mfiwa. Nikabaki na utangulizi wangu mdomoni. Baada ya saa nzima ikabidi nimwambie mwenyewe. Nilisema, "Batuli, hawa ni nyoka tisa. Niliwaua nikiwa kijana." Akafikiri. Akasema uji utapoa.

Mchana walikuwa kumi na tano. Kijana mmoja alicheka, akasema hajawahi kusikia msiba wa nyoka. Mzee mmoja aliyetoka bonde la Ugalla akamwuliza, "Wewe umekuja kukaa au kuhesabu maiti?" Kijana akakaa.

Siku ya pili jambo likatokea ambalo sikulitegemea. Watu walianza kusema wafu wao. Mmoja alimtaja mama yake, kaburi limebaki kwenye mahame, hajui kama nguruwe hawajalifukua. Mwingine watoto wawili. Tumeletwa hapa kutoka vijiji saba, tukapewa viwanja na mbegu, na hakuna aliyekuwa amepata mahali pa kukaa chini na wenzake na kulia walioachwa. Wamekaa kwangu. Siku ya tatu hapakuwa na nafasi mbele ya nyumba, walikaa mpaka barabarani. Wale waliokunja mikeka walileta mikeka hiyo hiyo kukalia.

Katekista mpya alikuja jioni ya siku ya tatu. Alikaa kwanza kama wengine, kisha akaniita pembeni, akaniambia kwa upole kwamba mpaka padre atakapopita sitapokea komunyo, wala sitaongoza sala. Sikubishana. Ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo, na nimewahi kuwaambia wengine kwa makosa madogo kuliko hili. Jumapili nilisali nimesimama nje, upande wa dirisha.

Ushahidi umo ndani ya bahasha hii. Mwenyekiti ameuandika mwenyewe, kwamba "ndugu Anselm Lugembe wa nyumba namba kumi na nne amekaa matanga ya nyoka tisa kwa siku tatu bila kukosa," na ameupiga mhuri wa kijiji. Alisema mhuri ule hajawahi kuutumia kwa kitu chenye mashahidi wengi kiasi hicho.

Uliniuliza juu ya Hilari na sijakujibu. Nilimpa minane. Alinishika mkono akaniuliza kama imebaki nyingine, nikamwambia imekwisha. Nilijua iko wapi. Ilikuwa mwendo wa treni moja, na labda tungechelewa, lakini neno hilo "labda" nimelitumia miaka mingi na sitaki kulitumia kwako.

Ukishaonyeshwa mzizi usinieleze unafananaje, wala unachimbwa wapi. Nitatamani kujua, na nitakuuliza kwa ujanja, mara tatu au nne. Usinijibu.

Babu yako,
Anselm


Kijiji cha Ujamaa, Usinge
17 Novemba 1975

Mama Mwanne,

Shikamoo. Natumaini barua hii atakusomea yule kijana wa zahanati ya huko Kwihara, anasoma kwa sauti nzuri.

Mvua zimeanza tarehe sita. Watu wako mashambani, nyumba zote. Alhamisi asubuhi Batuli, jirani yetu wa mstari wa pili, amekanyaga kifutu kwenye matuta ya mihogo. Walimleta kwa machela ya magunia, mguu umekwisha kuvimba mpaka gotini, anatapika. Nilitengeneza mizizi yote tisa kwa mpango ulionionyesha, wa mwisho nikautafuna mwenyewe kwanza. Nilikaa naye siku mbili. Leo amekula uji na amemgombeza mumewe kwa kuacha jembe mvuani. Mguu utakuwa na kovu, lakini ni mguu wake.

Kifutu nimempeleka msituni. Watu walinifuata kuhakikisha nafika mbali.

Naandika kwa jambo moja ambalo hukunifundisha, kwa sababu hatukulifikiria. Batuli alipoletwa nilihitaji mtu wa kuushika mguu usitikisike nikiweka dawa. Hapa hakuna mwenye mkono mtulivu kuliko babu. Nilimwita. Alikuja mpaka mlangoni, akasimama hapo, akasema hana ruhusa ya nyumba ya Shilinde wala ya nyumba ya Mungu, akabaki amesimama mpaka nilipomaliza, mvua inamnyeshea mgongoni. Nilimshikisha mguu mtu mwingine, ukamponyoka, dawa nyingine ikamwagika.

Ana miaka sitini na mitatu na mvua bado ni miezi mitano. Nataka kujua kutoka kwako, wewe mwenye nyumba, kabla hajaletwa mgonjwa mwingine. Je, anaruhusiwa kushika mguu?

Nijibu kwa treni ya kwanza.

Apolinaria, mjane wa Hilari